Tuisheni ya Kiingereza Haimfundishi Mtoto Kuandika Baiolojia

Kila matokeo ya Kidato cha Pili yanapotoka, simu huanza. Mzazi ameshaona alama: D ya Historia, D ya Baiolojia, F ya Fizikia. Swali lake ni lile lile la mwaka jana na mwaka juzi: "Mwalimu, mtoto anasoma usiku kucha ila hajui kuandika. Nimtafutie tuisheni gani ya Kiingereza?" Wakuu wa shule huniuliza hivyo hivyo. Safari hii ameniuliza mwalimu wa Kemia mwenye digrii yake, na huyo ndiye aliyenifanya nikae niandike. Mzazi ana haki ya kutojua. Mwalimu wa Kemia anapoamini kwamba wanafunzi wake hawajui kuandika Kemia kwa sababu mwenzake wa Kiingereza hajatimiza wajibu, tuna tatizo ambalo hakuna tuisheni italiponya.

Jibu langu ni moja. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kumfundisha mtoto kuandika jibu la Baiolojia, kwa sababu hajui jibu la Baiolojia huandikwaje, wala hapaswi kujua. Anayejua ni mwalimu wa Baiolojia. Yeye ndiye asiyefundisha.

Tuchukue zoezi ambalo mwanafunzi wa Tanzania hukutana nalo tena na tena kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne: kupima virutubisho katika chakula. Unamimina sampuli kidogo kwenye testi tyubu, unaongeza mmumunyo wa Benedict ambao ni wa buluu, unachemsha. Halafu unajaza jedwali la safu nne: kinachopimwa, hatua zilizofuatwa, kilichoonekana, hitimisho. Sasa kusanya madaftari uyasome. Kwenye safu ya kilichoonekana utakuta imeandikwa, daftari baada ya daftari: "Sukari ilionekana."

Hakuna aliyeona sukari. Kilichoonekana ni buluu ikigeuka kijani, kijani kikawa njano, njano ikaingia kwenye chungwa, na mwishowe mashapo yenye wekundu wa tofali yakatua chini ya tyubu. Macho yanaishia hapo. Sukari ni kitu ambacho akili imekifikia baada ya macho kumaliza kazi yake, na mahali pake ni safu ya nne. Mwanafunzi mwingine ameandika "rangi ilibadilika" akaweka nukta. Ilitoka wapi ikaenda wapi? Wa tatu amepima wanga kwa iodini, rangi haikugeuka kuwa buluu-nyeusi, naye akaandika "hakuna kilichotokea". Kimetokea kitu muhimu sana: rangi ya kahawia ya iodini ilibaki vile vile, na kwa ushahidi huo tunaweza kusema sampuli hii haina wanga. Mtoto aliyeandika "hakuna kilichotokea" ametupa ushahidi wake mwenyewe.

Mpe mwalimu wa lugha sentensi hizo tatu. Atatia vema na kufungua ukurasa unaofuata, kwa kuwa sarufi yake haina kasoro. Kosa lililomo ni la sayansi: mtoto hajatenganisha alichokiona na anachokihitimisha. Kutenganisha hayo mawili kwa maandishi ndiko kufanya Baiolojia kwenyewe. Wala usifikiri Kiswahili kitamwokoa. Nimewapa wanafunzi waandike jaribio hilo hilo kwa Kiswahili chao cha nyumbani, na "sukari ilionekana" ikarudi kama ilivyokuwa.

Tena mara nyingi anayeanguka hapa ni yule anayesifiwa kwa insha. Kenya, ambako insha ya Kiswahili kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilibeba alama 40 hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho 2023, watoto walizoezwa kuanza na miale ya jua na ndege wakitumbuiza, kisha kumimina methali na tashbihi katika kila aya. Huku kwetu tuna ya kwetu yanayofanana na hayo. Mapambo yana mahali pake na mimi siyadharau. Lakini mtoto aliyefunzwa kwamba maandishi mazuri ni maandishi yaliyopambwa, akiingia maabara hana cha kuandika. Ripoti ya jaribio inataka sentensi kavu, yenye kipimo, yenye mpangilio wa kilichotangulia na kilichofuata, ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma akarudia jaribio lile lile na kupata matokeo yale yale. Hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha insha.

Au tazama Hisabati, somo ambalo wengi wanadhani halina uandishi. Mwanafunzi anapewa 3x + 5 = 20, naye anaandika mstari mmoja: 3x + 5 = 20 = 3x = 15 = x = 5. Jibu ni sahihi, mwalimu anatia vema. Soma tena mstari ule: umesema 20 ni sawa na 15, na 15 ni sawa na 5. Mtoto ametumia alama ya sawasawa kumaanisha "halafu". Hakuna aliyemwambia kwamba ile ni sentensi yenye maana, inayoweza kuwa kweli au uongo. Ataivumilia hadi Kidato cha Tatu, ambako hesabu zinamtaka athibitishe kitu hatua kwa hatua, na pale ndipo mzazi huambiwa mtoto "hana kichwa cha hesabu". Kichwa anacho. Alichokosa ni mwalimu wa kumrudishia daftari na kumwambia: kila hatua mstari wake, na kila mstari uwe kweli.

Historia ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu hapo watoto huandika kurasa nyingi. Swali linauliza kwa nini Vita vya Majimaji vilishindwa. Mtoto anafungua kwa utangulizi wa kukariri, anatoa hoja sita, anafunga kwa hitimisho la kukariri. Hoja ni hizi: silaha duni, kukosa umoja, imani ya maji, njaa, usaliti, kukamatwa kwa viongozi. Kila hoja ina sentensi mbili. Sasa chukua kalamu, futa neno "Majimaji", weka jina la Mkwawa au la Wanandi, ubadilishe na ile imani ya maji. Insha inasimama kama ilivyokuwa. Insha inayoweza kubadilishiwa vita bila kutikisika haijasema lolote kuhusu vita vyovyote.

Hoja ya "kukosa umoja" pekee inatosha kuonyesha ninachosema. Majimaji, vilivyoanza Umatumbi Julai 1905, vinakumbukwa hasa kwa sababu viliunganisha watu wengi ambao kabla ya hapo hawakuwahi kupigana upande mmoja: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni. Mwanafunzi anayeandika kwamba walishindwa kwa kukosa umoja analazimika kuitetea hoja hiyo mbele ya ukweli huo. Nilimwona binti mmoja wa Kidato cha Tatu akifanya hivyo baada ya mwalimu wake kumrudishia insha na swali moja tu ukingoni, "Umoja wa nani na nani?" Aliandika upya kwamba vita vile viliunganisha makabila mengi kuliko upinzani wowote uliotangulia, lakini havikuwa na jeshi moja, kwamba Wangoni waliingia Wamatumbi wakiwa wameshapigana kwa majuma kadhaa, kwamba Wahehe, waliokuwa wamevunjwa nguvu 1898, hawakuingia kabisa, na kwamba kwa sababu hiyo Wajerumani waliweza kushughulika na eneo moja, kisha jingine. Kiingereza chake kilikuwa na makosa ya nyakati katika kila mstari. Ile ilikuwa Historia, na ningempa alama zote.

Najua pingamizi linalokuja, maana huja kila mara: mbona wataalamu wenyewe wanasema Kiingereza ndicho kikwazo? Wanasema, na ni kweli. Criper na Dodd waliandika tangu 1984 kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakitoshi kuwasomesha masomo yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Martha Qorro, wamelieleza jambo hilo kwa miaka mingi, na mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia uitwao LOITASA, ulioanza 2002 pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Norway ulijengwa juu yake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akavushwa Januari moja kwenda Kiingereza katika karibu masomo yote, amebebeshwa mzigo ambao hakuuomba. Ningekuwa na uamuzi, nisingembebesha.

Lakini ukisema mtoto ana mizigo miwili, hujasema kwamba kuutua mmoja kunautua na wa pili. Soma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka kwa kila somo. Naam, lugha hutajwa. Pamoja nayo hutajwa, mwaka nenda mwaka rudi, kutoelewa matakwa ya swali: ameulizwa kulinganisha akaorodhesha, ameulizwa kueleza sababu akasimulia matukio. Kisha fungua taarifa ya somo la Kiswahili, ambalo halina Kiingereza hata neno moja. Utakuta watahiniwa walioandika insha isiyohusiana na mada na watahiniwa waliotoa hoja bila maelezo. Na mtaala mpya umetuletea Historia ya Tanzania na Maadili, somo la sekondari linalofundishwa kwa Kiswahili. Kikwazo cha lugha kimeondolewa hapo. Nimepitia madaftari ya somo hilo: utangulizi wa kukariri, hoja sita, sentensi mbili mbili.

Na hiyo tuisheni yenyewe inafundisha nini? Kujaza nafasi zilizoachwa wazi, kugeuza sentensi kutoka kutenda kwenda kutendwa, barua ya kuomba kazi, mazungumzo ya wateja na mwenye duka. Mtoto akirudi nyumbani ameongeza Kiingereza kidogo, na hilo ni jema kwa somo la Kiingereza. Hakuna Jumamosi hata moja atakayoulizwa tofauti ya kilichoonekana na kilichohitimishwa. Mzazi amelipa ada ya mwezi, mtoto amepoteza siku ambayo angelala au angesoma, na muhula ujao D ipo pale pale. Hapo ndipo hutokea jambo baya kuliko D: mzazi anaanza kuamini kwamba mtoto ni mzito, kwa kuwa "kila kitu kimeshafanyika". Mtoto naye anaamini hivyo hivyo.

Chanzo kimo ndani ya daftari. Mzazi hulifungua, akalikuta limejaa tangu jalada hadi jalada, mwandiko umenyooka, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, akafurahi. Naomba ulifungue tena, utafute sentensi moja tu ambayo mwanao ameitunga mwenyewe. Zilizomo ni notsi. Mwalimu ameziandika ubaoni, au kiranja amezinakili kutoka kwenye kitabu cha mwalimu aliye kwenye kikao, na darasa zima limezihamishia kwenye daftari. Mkono umeandika maneno elfu kadhaa kwa juma. Kichwa hakijaandika lolote. Kisha mtihani unamwambia mtoto huyo "Eleza", na ni mara yake ya kwanza tangu muhula uanze kutunga sentensi ya Jiografia.

Wala hili si letu peke yetu. Arthur Applebee alipochunguza madarasa ya sekondari Marekani na kuchapisha matokeo yake 1981, alikuta wanafunzi wakishika kalamu kwa asilimia 44 hivi ya muda wa darasani, lakini muda waliotumia kuandika angalau aya nzima ulikuwa kama asilimia 3. Kilichobaki kilikuwa kunakili, kujaza nafasi na majibu ya neno moja. Miaka sita kabla yake, James Britton na wenzake Uingereza walichapisha uchunguzi wa maandishi zaidi ya 2,000 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 18 kutoka shule 65, wakakuta karibu nusu yameandikwa kwa mwalimu akiwa mtahini: mtu anayejua jibu tayari na anayetafuta kosa. Mtoto akimwandikia mtu anayejua jibu haoni sababu ya kueleza. Anataja tu. "Silaha duni." Mwalimu anajua iliyobaki.

Mwaka huo huo wa 1975, kamati ya Bullock iliwaambia walimu wa Uingereza kwamba lugha ni jukumu la kila mwalimu, wa kila somo. Nikiyarudia hayo kwenye semina, mkono huinuka: "Mimi nilisomea Kemia, sikusomea lugha." Sikuombi ufundishe lugha, mwalimu. Nakuomba ufundishe Kemia mpaka ifike kwenye karatasi. Ukimwachia mtoto aandike "kitu cheupe kilitokea" pale alipopaswa kuandika kwamba mashapo meupe yalijitokeza, kisha yakayeyuka alipozidisha amonia, umemwachia asijue kemikali iliyomo. Kuyeyuka kule au kutoyeyuka ndiko kunakotenga zinki na alumini kwenye jaribio hilo. Mwalimu wa Kiingereza atalijulia wapi?

Basi yafanyike haya, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

Dakika tano za mwisho za kipindi, madaftari ya notsi yafungwe. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu kwa maneno yake: tumegundua nini leo, tumejuaje, nini bado hakijanikaa. Aandike kwa lugha anayoiweza. Kiswahili kikija kwanza na Kiingereza baadaye, vizuri. Wazo likishakaa, kulihamisha ni kazi ndogo kuliko kulizalisha kwa lugha ya kuazima.

Kabla ya kuwaambia waandike, waonyeshe. Zile taarifa za Baraza la Mitihani zina picha za majibu halisi ya watahiniwa, mazuri na mabaya, na zinapatikana bure. Chapisha jibu moja zuri na moja baya la swali lile lile, ondoa alama, waache wabishane lipi limepata na kwa nini. Kipindi kimoja cha namna hiyo kinazidi mwezi wa kuambiwa "jieleze vizuri". Walimu wa shule moja wakae mara moja kwa muhula wakubaliane "eleza", "jadili" na "linganisha" vinadai nini katika kila somo, maana "jadili" ya Historia na "jadili" ya Fasihi havilingani na mtoto hulaumiwa kwa kutoyajua ambayo walimu hawajayapanga.

Kwenye maabara, safu ya kilichoonekana ijazwe kwanza na kusomewa jirani kabla ya mtu yeyote kugusa safu ya hitimisho. Jirani akisikia kitu ambacho macho hayawezi kukiona, kinafutwa. Vyanzo vya makosa katika Fizikia visikubaliwe vikiwa vya kukariri: aliyelaumu upepo wa feni kwenye jaribio la pendulamu katika maabara isiyo na umeme arudishiwe karatasi. Katika Hisabati, mstari wenye alama ya sawasawa ambao si kweli ukatwe alama hata jibu likiwa sahihi, na wanafunzi waambiwe hivyo mapema. Katika Historia, kila hoja ijibu "mbona hapa na si kwingine?"

Mzazi, tuisheni iache kwa sasa. Jioni moja kwa juma mwombe mwanao akuandikie nusu ukurasa wa jambo alilosoma, akuandikie wewe usiyelijua, kwa Kiswahili. Usisahihishe tahajia. Pale ambapo hukuelewa, weka alama ya kuuliza na umrudishie. Na ukienda shuleni, acha kuuliza kwa nini mwalimu wa Kiingereza hajafanya kazi yake. Mwombe mwalimu wa Baiolojia akuonyeshe kitu ambacho mwanao amekitunga mwenyewe katika somo lake mwezi huu.

Kuhusu darasa la wanafunzi 90, ambalo ndilo jibu ninalopewa kila ninapomaliza kusema haya: usisahihishe 90. Chukua madaftari kumi kwa siku ya kipindi, bila kutangaza ya nani. Soma sentensi tatu tatu tu, tafuta kosa moja linalojirudia, na anza kipindi kinachofuata kwa kuliandika ubaoni bila jina la mtoto. Baada ya vipindi tisa umewasoma wote, na hujabeba daftari hata moja kwenda nyumbani.